Mbeta ya Ndani

Alfajiri, Kidabaga. Ukungu haujaamua kuondoka.
Baba mdogo Luvanda anakata ncha ya mlanzi
unyoya tu, kama anayemnyoa mtoto aliyelala,
anatundika mbeta, anashuka bila neno.
Saa mbili ni mtogwa: watoto wanaruhusiwa.
Jioni ni mkangafu: watoto wanafukuzwa.
Hakuna aliyetia kitu.
Wadogo wasioonekana walikuwemo tangu jana
kwenye ukoga wa jana, wakisubiri utamu.

Nilirudi kutoka mjini na tumbo lililofungwa
kama ofisi ya serikali siku ya sikukuu.
Miaka tisa ya sembe nyeupe, mkate mweupe,
chipsi za kula umesimama.
Editruda wa zahanati alinibonyeza ubavuni:
"Humu mna kijiji kizima, nawe umekinyima chakula.
Kula nyuzinyuzi. Ila polepole."
Nikasikia *kula nyuzinyuzi*.
*Polepole* ikabaki mlangoni pamoja na viatu.

Usiku huo maharage, njegere, nusu kabichi,
na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni
nilivyovitafuna kama mapera.
Saa tano radi ikaanza, na nje hakuna wingu.
Godfridi, binamu tunayelala chumba kimoja,
alivuta blanketi hadi puani,
akalitupa: kumbe blanketi ndilo lililokuwa shimo.
Akafungua dirisha.
Mwisho wa Aprili, Kidabaga, baridi ya kung'ata masikio.
Pima mwenyewe mtu ateseke kiasi gani.

Asubuhi mdomo wa baba mdogo haukucheka;
yalicheka mabega.
"Umetundika mbeta moja," alisema,
"ukakata milanzi kumi."

Tangu siku hiyo nalitazama povu kwa adabu.

Kitunguu hakina subira.
Sukari zake ni minyororo mifupi, fundo la kuvutwa mara moja;
zikifika tu lango la utumbo mpana
wadogo wanazirukia: povu, hewa, ngoma, kwisha.
Harage nalo lina maneno, ila linajua kulipa.
Kiazi cha jana, kilicholala chunguni na kupoa,
kimekaza moyo usiku kucha;
utumbo mwembamba unakipitisha bila kukitambua
kama askari wa kizuizini anayesinzia,
nacho kinasafiri mbali, hadi kona za mwisho,
kwa wale ambao kitunguu hakikuwaachia hata harufu.
Huko wanakula taratibu. Hawapigi kelele.
Wanatoa kitu mfano wa siki, laini,
ukuta wa utumbo unainywa na kujikandika upya.

Na pumba za dona? Hizo hazizungumzi na mtu.
Wachache wanazidonoa; zilizobaki
zinabeba maji, zinafagia, zinatoka,
kama shemeji anayefika msibani,
akaosha masufuria yote
akaondoka bila kuonja wali.

Basi nikaanza upya, kwa kijiko.
Kijiko cha maharage, siku tatu. Viwili, wiki.
Kiporo cha viazi na chumvi asubuhi,
mimi niliyemcheka mama kwa kula kiporo
huku mayai yapo.
Siku nyingine nilizidisha, nikalala kwenye stoo
pamoja na majembe.
Wiki ya tano Godfridi alifunga dirisha
hakusema kitu, akageukia ukutani.

Jana msimu wa ulanzi ulikuwa unakwisha.
Nililala na kiganja juu ya kitovu.
Nje, tone ndani ya mbeta.
Kimya kirefu. Tone.
Kisha ndani, chini kidogo ya mkono wangu,
mlio mdogo,
wa mtu anayevuta kigoda ili ale.

"Kamwene," nikanong'ona.

Godfridi, usingizini, ndiye aliyeitika.